Vila ya juu ya maji kwa pointi za hoteli: hesabu ya mtu wa Tanga

Siku za bamvua, maji yakishatoka, pale Raskazone utaona watu wanatembea kwa miguu mahali ambapo saa chache nyuma ngalawa ilikuwa inaelea. Pwani yetu, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Jenga nyumba ya nguzo pale uone: nusu ya siku mgeni wako anatazama tope na kina mama wanaochokoa pweza. Maldivi tofauti hiyo ni kama mita 1 tu, na nyumba zenyewe zimesimamishwa kwenye maji ya kina kifupi yaliyokingwa na mwamba, ndiyo maana ngazi ya vila inaishia majini saa zote. Mtindo huu ulianzia mbali zaidi, kisiwa cha Raiatea huko Polinesia ya Ufaransa, mwaka 1967. Wamarekani watatu walikuwa na hoteli isiyo na ufukwe wa maana, wakaamua vyumba viende baharini.

Leo vila ya namna hiyo, yenye jina kubwa la hoteli mlangoni, ni dola 700, 1,000 hata 2,000 kwa usiku mmoja kabla ya kodi. Njia ya pointi ipo, yaani alama ambazo kampuni ya hoteli humpa mwanachama wake kwa kulala kwao na baadaye zinalipia chumba, na mtu wa Tanga anaweza kuipita. Tatizo ni kwamba maelezo mengi ya njia hiyo yameandikwa na Wamarekani kwa ajili ya Wamarekani: chukua kadi fulani ya mkopo, tumia kiasi fulani, upewe pointi laki moja, panda ndege. Sisi kadi hizo hatuna. Tena kuna jambo wanalolitaja kwa mstari mmoja wakati kwetu ndilo linaloamua safari nzima: pointi zinalipa chumba, hazilipi boti wala ndege ya kukufikisha kwenye chumba. Maldivi kwa kawaida hoteli moja ni kisiwa kimoja, kwa hiyo chagua kisiwa kwa usafiri wake kwanza. Picha tazama baadaye.

Tuanze na pointi zinakotoka. Tanga mjini hakuna hoteli ya Marriott, Hilton wala Hyatt, na Bagamoyo vilevile. Miongoni mwa zilizo karibu ni Hyatt Regency The Kilimanjaro na Delta Oyster Bay (ya Marriott) za Dar es Salaam, Park Hyatt ya Unguja na Four Points ya Arusha (nayo ya Marriott). Kujiunga na uanachama wa kampuni hizi ni bure. Andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti, yote matatu kama pasipoti ina matatu, kwa sababu jina la akaunti likitofautiana na la pasipoti, pointi za usiku uliolala zinaweza kukataliwa, na kurekebisha jina baadaye ni barua pepe juu ya barua pepe.

Marriott na Hilton hutoa pointi 10 kwa kila dola kwenye hoteli zao nyingi, Hyatt hutoa 5. Sasa piga hesabu. Mtu wa warsha analala Dar siku 3 kwa dola 120, jumla 360, anapata pointi 3,600. Vila ikiwa pointi 90,000 kwa usiku, anahitaji warsha 25 kwa usiku mmoja tu. Kulala peke yake hakukufikishi. Waandaaji wa warsha ndio wenye bahati: Marriott humpa mwandaaji pointi 2 kwa kila dola ya bili ya mkutano, kwa hiyo mkutano wa dola 10,000 ni pointi 20,000 kwa siku mbili. Lazima iandikwe kwenye mkataba wa ukumbi kabla ya kusaini. Ukikumbuka siku ya kulipa umechelewa. Na kama ofisi ni ya umma, uliza kwanza, maana zawadi kwa mtumishi wa umma zina taratibu zake.

Hapa ndipo wengi wanapoteza bila kujua. Chumba kilichobukiwa kupitia Booking.com, Expedia au Agoda hakikupi pointi wala usiku wa kupandia daraja la uanachama (Silver, Gold, Platinum), hata ukimwonyesha wa mapokezi namba yako mara tatu. Chumba kilicholipwa na mwandaaji kwa bei ya kundi kwenye bili moja kubwa nacho mara nyingi hakihesabiki. Buku kwenye tovuti au programu ya hoteli yenyewe, namba yako ya uanachama iwemo tangu mwanzo. Ukilipia vyumba vya ndugu zako nawe umelala hapohapo, Marriott na Hyatt huhesabu mpaka vyumba 3 kwa akaunti moja. Harusi moja ya Dar inaweza kukupa zaidi ya mwaka mzima wa warsha.

Kinachobaki ni kununua, na kwa mtu asiye na kadi za Marekani hii ndiyo njia halisi. Bei ya kawaida ya Hilton ni dola 10 kwa pointi 1,000, lakini mara kadhaa kwa mwaka hutoa ofa ya nyongeza ya asilimia 100, hapo pointi moja inashuka mpaka nusu senti ya dola. Marriott ni dola 12.50 kwa 1,000. Ofa yake ikifika asilimia 50, pointi inakuwa kama senti 0.83. Usinunue siku isiyo na ofa. Na usinunue kwa mtu wa WhatsApp anayeuza "pointi za bei poa". Ni kinyume cha masharti, na siku kampuni ikigundua inafunga akaunti pamoja na nafasi uliyokwisha buku. Muuzaji hapo humpati tena.

Je, pointi 90,000 ni ghali au rahisi? Chukua bei ya pesa ya chumba kilekile siku ileile, weka huduma asilimia 10 na kodi ya utalii ya Maldivi, ambayo tangu Julai 2025 ni asilimia 17. Kodi hukatwa juu ya huduma, kwa hiyo zidisha kwa 1.287. Chumba cha dola 900 kinakuwa 1,158. Gawanya kwa 90,000 unapata karibu senti 1.29 kwa pointi. Umenunua kwa 0.83, umefaidi. Lakini chumba hicho kikishuka mpaka dola 450 msimu wa mvua, huku pointi wamebakiza zilezile 90,000, unapata senti 0.64. Lipa pesa, pointi ziweke. Ushabiki wa pointi huwafanya watu wasahau hesabu hii.

Kwa Marriott, ukibuku usiku 5 mfululizo kwa pointi unalipa 4, na mwanachama yeyote anapata. Hilton nao usiku wa tano ni bure, ila kuanzia daraja la Silver. Kwa hiyo safari ya 90,000 ni 360,000 kwa siku 5, sawa na dola 3,000 kwa bei ya ofa. Ugumu ni kwamba Marriott kwa kawaida hukuuzia 100,000 tu kwa mwaka kabla ya nyongeza, na mwanachama anaweza kumhamishia mwenzake 100,000 kwa mwaka. Mume na mke wenye akaunti mbili wanahitaji mwaka na ushee. Hilton hapa ni rahisi zaidi kwa familia zetu: watu mpaka 11 wanaweza kuchanga pointi kwenye kapu moja, bure. Hyatt ndiyo kampuni kubwa ambayo bado inatangaza jedwali la bei zake, kwa hiyo kupanga ni kwepesi, lakini pointi zake ni ghali kununua. Accor, kampuni nyingine ya hoteli, ni kama kuponi: pointi 2,000 ni euro 40 popote, hakuna bahati wala hasara.

Akaunti mpya mara nyingi huzuiwa kununua na kuhamisha mwanzoni, kwa hiyo ifungue leo hata kama safari ni ya mwakani. Na usiiache ilale. Marriott, Hilton na Hyatt hufuta pointi ukikaa miezi 24 bila kuingiza wala kutoa chochote. IHG, wenye Holiday Inn, kwa mwanachama wa kawaida ni miezi 12. Kununua pointi 1,000 kunatosha kuamsha akaunti.

Malipo hutozwa kwa dola na kampuni ya nje. Nenda tawi la benki yako, waambie waifungue kadi kwa manunuzi ya mtandaoni na wapandishe kikomo cha siku, kwa sababu dola 3,000, kwa hesabu ya shilingi 2,500, ni milioni 7.5 na mfumo utaikataa. Kadi ya mtandaoni ya kwenye simu inafaa kununulia pointi. Haifai mapokezi ya hoteli. Pale wanataka kadi ya plastiki yenye jina lako ili washikilie amana, na kwa kadi ya benki isiyo ya mkopo, pesa iliyoshikiliwa hukaa siku kadhaa, hata wiki mbili, baada ya wewe kurudi. Usipange kulipia ada ya shule kwa pesa hiyo.

Kabla ya kununua hata pointi moja, hakikisha nafasi ipo. Kwa bei ya kawaida ya pointi hoteli hutoa vyumba vya kawaida tu, na vikiisha, bei ya pointi hupaa au tarehe hupotea kabisa. Tafuta miezi 10 mpaka 12 mbele. Marriott huruhusu kushika nafasi kabla pointi hazijatosha, ila bei haifungwi mpaka pointi ziingie. Soma sharti la kufuta: visiwa vingi vinataka siku 30 kabla, na vipindi vya Krismasi siku 60. Krismasi na mwaka mpya pia kuna chakula cha sherehe cha lazima, mamia ya dola kwa kila mtu, na kinatozwa hata aliyelala kwa pointi.

Kuhusu majira, mtu wa pwani anayajua tayari. Kaskazi yetu ndiyo kiangazi chao: Januari mpaka Aprili bahari shwari, anga safi, vyumba vya pointi vimekwisha. Kusi yetu kwao ni mvua na upepo, Mei mpaka Oktoba, na ndipo kalenda ya pointi inapofunguka. Mtu asikutishe sana na kusi. Mvua huja na kuondoka, na miezi hiyo ndiyo samaki taa wakubwa wenye mabawa hukusanyika Hanifaru, kwenye visiwa vya Baa, kula. Boti ya kasi ndiyo utakayoiona chungu, maana mawimbi ya kusi hayana adabu. Mwisho wa Aprili na mwezi Novemba ni katikati ya yote mawili, na mimi ningetafuta hapo.

Sasa chumba chenyewe. Picha ya kwanza kwenye tovuti ni vila ya juu ya maji. Chumba cha kawaida kinachotolewa kwa pointi mara nyingi kiko nchi kavu. Conrad ya Rangali (ya Hilton) ni vila ya ufukweni, St. Regis ya Vommuli (ya Marriott) ni vila ya bustanini, Park Hyatt ya Hadahaa ni vila ya kisiwani. Kupanda mpaka juu ya maji unalipa tofauti kwa pesa au kwa pointi nyingi zaidi. Waandikie barua pepe wiki mbili tatu kabla, uulize tofauti ni dola ngapi kwa usiku na kama kodi imo ndani. Njia ya akili ni kugawa: siku 3 za kwanza nchi kavu, 2 za mwisho juu ya maji. Anza na nchi kavu, maana kurudi bustanini baada ya kulala baharini kunauma. Angalizo kwa wenye watoto: visiwa vingine haviruhusu watoto wadogo kwenye vila za juu ya maji kwa sababu ya ngazi na kina. Pointi kwa kawaida huhesabu watu wazima wawili. Wa tatu analipiwa kitanda, chakula na usafiri.

Na usafiri, basi. Uwanja wa ndege wa Velana uko kisiwani karibu na Malé, mji mkuu wa Maldivi, na kutoka hapo kuna namna tatu. Visiwa vya karibu hufikiwa kwa boti ya kasi: Sheraton Full Moon ni kama dakika 15 mpaka 20, Holiday Inn ya Kandooma na Ritz-Carlton ya Fari ni kama dakika 45. Vya mbali kusini, kama Hadahaa, unapanda ndege ya ndani mpaka Kooddoo halafu boti. Vilivyobaki ni ndege ya kutua majini, kwa kawaida dola 400 mpaka 700 kwa mtu mmoja kwenda na kurudi, na bei anaipanga mwenye kisiwa.

Ndege hiyo ni Twin Otter yenye viti kama 15. Wanakupima mzigo kwenye mizani: kilo 20 za sanduku na 5 za mkononi, inayozidi inalipiwa. Unavuka gati linaloyumba, unainama mlangoni, kelele za injini zinaziba masikio, na mbele yako rubani amekaa peku, viatu kaviacha. Uzuri wa visiwa kutoka juu ni wa kweli kabisa. Lakini ndege hizi huruka mchana tu. Ukitua Velana baada ya saa 9 na nusu alasiri, ujue unalala Hulhumalé, mji wa karibu na uwanja, kwa pesa yako, na usiku mmoja wa pointi kisiwani umepotea kwa sababu hoteli hairudishi. Kabla ya kukata tiketi ya bei rahisi, tazama inatua saa ngapi, na kumbuka saa za Maldivi ziko mbele ya zetu kwa saa 2. Visiwa vingine huongeza saa 1 yao wenyewe ili wageni waone jua zaidi.

Kiti hakiji chenyewe. Lazima umtumie hoteli namba ya ndege, saa ya kutua na majina ya pasipoti. Asipovipata, unafika na hakuna anayekungoja.

Tufanye bili ya watu wawili kwa siku 5 ambazo chumba ni bure. Kodi ya kijani tangu Januari 2025 ni dola 12 kwa mtu kwa usiku kwenye hoteli za kisiwani, hivyo 120, na visiwa vingi huitoza hata kwa waliolala kwa pointi. Chakula tuseme dola 200 kwa siku kwa wote wawili, kodi ndani, kwa watu wasiokunywa pombe na wanaopata chai ya asubuhi bure: 1,000. Kwa ndege ya dola 600 kila mmoja jumla ni 2,320, kama shilingi milioni 5.8. Kwa boti ya dola 150 kila mmoja ni 1,420, kama milioni 3.55. Tofauti hiyo ni dola 900, kwa bahari ileile na samaki walewale. Chai ya bure inatokana na daraja: Hilton ni Gold, Marriott ni Platinum kwenye hoteli zao nyingi za mapumziko. Kama huna, ongeza. Sahani iliyoandikwa dola 30 utailipia 38.61. Beba ubuyu, kashata na maandazi makavu. Birika la maji ya moto limo chumbani. Pombe na nguruwe visiwemo kwenye begi, forodha wanachukua.

Kutoka Tanga, wengi hufikiria Dar tu: kilomita kama 350 za basi kupitia Segera na Chalinze, halafu Qatar Airways kupitia Doha au Emirates kupitia Dubai. Linganisha na Mombasa. Kupitia Horohoro ni karibu nusu ya umbali huo, barabara ya Dongo Kundu inakuepusha na kivuko cha Likoni, na mashirika ya Ghuba yamekuwa yakitua huko. Kwa vyovyote, kadi ya njano ya chanjo iwe mkononi, maana Maldivi huidai kwa wanaotoka au kupita nchi zenye homa ya manjano.

Viza hutolewa bure ukifika, siku 30. Fomu ya uhamiaji ya mtandaoni iitwayo IMUGA nayo ni bure, inajazwa ndani ya saa 96 kabla ya kuingia na tena kabla ya kutoka. Tovuti inayokudai pesa kwa fomu hiyo si yenyewe. Chapisha uthibitisho wa hoteli. Nafasi ya pointi huonyesha gharama ya dola 0, na wa kaunta ya ndege aliyezoea kuona bei anaweza kudhani hujalipa, kwa hiyo ukurasa wenye neno la pointi na namba ya uthibitisho uwe juu.

Siku ya kuondoka, omba bili usiku uliotangulia, kwa sababu boti ya asubuhi haingoji mabishano. Tazama mambo matatu: kodi ya kijani isizidi idadi ya usiku, usafiri usiwe umetozwa mara mbili kwa kuwa uliulipia mtandaoni, na chumba kisomeke sifuri. Halafu hakikisha namba yako ya uanachama imo kwenye bili. Chakula na usafiri ulivyolipia kwa pesa navyo mara nyingi huzaa pointi, na zisipoingia ndani ya siku 10 hivi, picha ya bili hiyo ndiyo utakayowatumia.